Shetani wa mpingo hana kosa: tunapokosea kuhusu vinyago vya Kimakonde

Mwezi uliopita rafiki yetu mmoja alituma picha kwenye kundi la WhatsApp la sisi tuliosoma pamoja Mtwara. Kinyago cheusi kimekaa juu ya kabati la televisheni: jicho moja kubwa, mdomo umefika sikioni, mguu umezunguka nyuma ya mgongo ukaibukia begani. Alizawadiwa harusini. Hajamaliza kuandika maelezo, wa kwanza akawahi: "Toeni hicho kitu ndani, shetani huyo, chomeni moto." Wa pili akamjia juu: "Acha ushamba, hiyo asili yetu, mababu zetu Newala wamechonga hivyo miaka elfu." Wa tatu, ambaye siku hizi anaishi Dodoma na ugonjwa wake ni kusahihisha watu, akafunga mjadala: "Hiyo inaitwa Tingatinga."

Dakika tatu, makosa matatu, na wote ni watoto wa kusini. Kama sisi tuliokulia kwenye ming'oko na korosho tunachanganya hivi, mtu wa Mwanza tutamlaumu nini?

Sidhani kwamba tatizo ni ujinga. Msanii wa huku akiulizwa redioni au kwenye tamasha ajieleze, husema kwa mkupuo mmoja: "Mimi ni Mmakonde, nachonga shetani, wazo hunijia usingizini." Hapo ameshasema mambo matatu: anakotoka, mtindo anaofanyia kazi, na kinachomtuma kuufanya. Msikilizaji huyapokea kama jambo moja. Anaondoka akiamini kwamba kila Mmakonde huchonga, kwamba wachongao huchonga mashetani, na kwamba mashetani hayo wamerithishwa na babu wa babu.

Chukulia mama wa Newala anayekaanga chipsi mayai pale stendi ya Mtwara. Asili yake ni Newala. Chipsi mayai si chakula cha Kimakonde, na hazigeuki kuwa cha Kimakonde kwa sababu ya mikono yake. Kilichomtuma kukaanga huenda ni ada ya mtoto, huenda ni kupenda tu jiko. Hakuna anayekosea hapo. Ila akishika tezo badala ya mwiko, tunachanganyikiwa.

Basi tuanze na maneno.

Kinyago, kwa matumizi ya leo, ni sanamu yoyote ya mti, iwe twiga wa kuuzia wageni au mzee mwenye kiko. Zamani neno lilibana zaidi. Liweke kando ya neno unyago ulitazame: shina ni moja. Wamakua na Wayao wa upande wa Masasi wana isinyago, maumbo ya wanyama na viumbe yanayotolewa usiku wakati wa sherehe za jando na unyago. Kinyago kilikuwa kitu cha sherehe, cha kumshtua mwali na kumfundisha, kisha kikaondolewa machoni. Ndiyo maana methali inamcheka mtu anayetishwa na kinyago alichokichonga mwenyewe: kazi ya kinyago ilikuwa kutisha, na aliyekichonga ndiye pekee asiyeweza kutishika.

Lipiko, kwa wingi mapiko, ni barakoa ya mti. (Neno barakoa tangu korona kila mtu analijua kwa kitambaa cha puani, hapa nazungumzia sura nzima iliyochongwa.) Upande wa Msumbiji lipiko huvaliwa kichwa kizima, kama helmeti ya bodaboda, mara nyingi likiwa limebandikwa nywele halisi za binadamu. Upande wetu wa Tanzania lililozoeleka zaidi ni la kufunika uso. Wanaolivaa na kucheza huitwa midimu, na wapo wanaocheza juu ya miti mirefu iliyofungwa miguuni. Ukiwa mtoto, hilo likikutokea ghafla nyuma ya nyumba jioni, hulisahau. Mimi sijalisahau.

Sasa shika jambo moja dogo, maana limebeba sehemu kubwa ya makala haya: lipiko huchongwa kwa mti mwepesi, wa jamii ya msufi pori na mfano wake. Lazima. Mchezaji anatikisa kichwa, anainama, anakimbiza watoto. Mpingo ukiutupa majini unazama. Mvalishe mtu kofia nzima ya mpingo kisha umwambie acheze ngoma, shingo yake haitafika asubuhi.

Kwa hiyo kitu cha zamani cha Wamakonde, kile cha mababu hasa, wala si cheusi wala si kizito. Ni cha mti laini wa rangi hafifu, na hakikuuzwa dukani. Hiki cheusi kinachong'aa, chenye watu waliopandana au shetani mwenye jicho moja, ni kijana. Mitindo yake mikubwa miwili ilizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1950, tena jijini Dar es Salaam na wala si Newala. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mkubwa kwa umri kuliko mtindo wa shetani.

Najua hapo nimewaudhi watu. Nivumilieni nieleze.

Mwaka 1906 alipita huku Mjerumani mmoja, Karl Weule, mtaalamu wa mila za watu kutoka makumbusho ya Leipzig. Vita vya Maji Maji vilikuwa bado havijatulia vizuri. Alishukia Lindi, akaenda Masasi, akapanda Newala na kukaa juu ya uwanda wa Makonde. Alikusanya barakoa, akapiga picha za wachezaji wa miti mirefu, akawapa watu karatasi na kalamu wamchoree. Alikuta ustadi mkubwa wa kuchonga: barakoa, vifuniko vya vikopo vya ugoro, sanamu ndogo za wanawake. Miti ya watu waliopandana hakuileta, kwa sababu haikuwapo.

Ameandika pia hadithi ambayo wazee wa Makonde walimsimulia, na mpaka leo huku inasimuliwa. Kulikuwa na kiumbe mmoja aliyeishi peke yake porini, hajaoga, hajanyoa. Siku moja akachonga mti umbo la mtu, akalisimamisha nje ya makazi yake, akalala. Kulipokucha umbo limekuwa mwanamke, naye ni mke wake. Wakaenda mtoni kuoga, mke akajifungua, mtoto akafa. Wakapanda juu kidogo, wa pili akafa. Wakapanda tena mpaka uwandani kwenye vichaka vinene, wa tatu akaishi. Hadithi hiyo inajibu swali ambalo mgeni yeyote wa Newala hujiuliza akiona watu wanateremka mlima kutafuta maji: kwa nini wanaishi juu na maji yako chini? Na inatwambia jingine: kwa Mmakonde mtu wa kwanza alichonga, na kilichochongwa kikawa mama. Sijui kabila jingine la jirani lililomweka mchongaji mwanzo kabisa namna hiyo.

Kwa hiyo ustadi ni wa kale, hilo halina ubishi. Mtindo ndio mchanga.

Ilikuwaje? Mto Ruvuma tunaouita mpaka haujawahi kuwazuia Wamakonde. Wa upande wa Msumbiji, ambao wazee wa huku waliwaita Wamawia, walivuka kwa wingi wakikimbia kazi za kulazimishwa za Wareno na kutafuta vibarua kwenye mashamba ya mkonge. Vita vya ukombozi vya 1964 hadi 1974 vikaleta wengine. Rutamba, Lindi, palikuwa na makazi makubwa ya wakimbizi hao, na Nachingwea wapiganaji wa Frelimo walipata mafunzo. Wengi walioifanya sanaa hii ijulikane duniani ni hao waliovuka. Wa Mtwara hapendi kulisikia hilo, wa Mueda, kule Msumbiji, analisema kwa kujidai, na wote wawili wana shangazi ng'ambo ya pili.

Mjini kulikuwa na mnunuzi, tena Mzungu au Mhindi mwenye duka, anayetaka kitu kigumu, cheusi, kisichotoboka kwa wadudu. Mpingo ukapata kazi. Mwanzoni zilichongwa sura za kawaida: mama na mtungi, mzee na kiko, mkulima na jembe. Mtindo huo huitwa binadamu, na jina limejieleza lenyewe. Ukiona kinyago unachoweza kukisalimia shikamoo, hicho ni binadamu.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 mchongaji Roberto Yakobo Sangwani, aliyetoka Msumbiji, akachonga mshindi wa mieleka aliyenyanyuliwa na wenzake. Mtu juu ya watu. Wachongaji waliuita mtindo huo dimongo. Baadaye, siasa ya Ujamaa iliposhika kasi na Azimio la Arusha la 1967, jina la mtaani likabadilika, na hadi leo gogo lenye watu walioshikana na kupandana tunaliita ujamaa. Wengi hudhani serikali ilitoa agizo wachongaji wachonge Ujamaa. Mambo yalikwenda kinyume: sanamu ilitangulia, siasa ikaipa jina. Ukiangalia vizuri ujamaa wa siku hizi hutaona wanamieleka tena. Utaona ukoo: bibi chini au juu kabisa, wanawe, wajukuu, mmoja kabeba mtungi, mwingine ananyonyesha. Ni kama daladala ya saa kumi na mbili jioni, ila hapa kila aliyembana mwenzake ni ndugu yake.

Na shetani? Hadithi yake inayorudiwa na wachongaji ni hii. Samaki Likankoa, naye wa asili ya Msumbiji, alikuwa akimpelekea kazi mfanyabiashara wa vinyago wa Dar es Salaam, Mohamed Peera. Njiani mkono wa sanamu ukavunjika. Badala ya kuitupa akaiparura, akaipotoa, ikawa kiumbe kisicho mtu. Peera akaipenda, akataka nyingine. Wenzake wakaona njia imefunguka: sasa mtu anaweza kuchonga jicho tumboni na asiulizwe kwa nini.

Turudi kwa rafiki yetu anayetaka kuchoma. Kosa lake limo ndani ya neno. Kwenye mimbari, msikitini au kanisani, shetani ni Ibilisi, adui wa binadamu. Mtaani, hasa pwani hii yote, shetani ni neno pana. Tunasema fulani ana shetani, amepanda shetani, anapungwa. Hapo tunamaanisha pepo, mzimu, kiumbe cha porini au cha baharini kinachoweza kuwa kikorofi, kichekeshi au cha msaada. Kimakonde kina majina yake ya viumbe hivi, nandenga likiwamo. Mchongaji alipotafuta neno ambalo mnunuzi wa Dar es Salaam atalielewa, akachukua la Kiswahili. Mzigo wa dini ukaja pamoja nalo bila yeye kuuagiza.

Halafu kuna swali la matumizi. Kinyago cha shetani kimechongwa kwa ajili ya duka. Hakijasomewa, hakijazinduliwa, hakuna mtu anayekipa chakula. Kina uhusiano na pepo kama ule ulio kati ya katuni ya zimwi kwenye gazeti na zimwi lenyewe. Mtu ambaye imani yake haimruhusu kuweka sanamu ya aina yoyote nyumbani namwelewa, na aweke pazia badala yake. Lakini anayeweka twiga, akaweka simba, akaweka na mzee mwenye kiko, halafu akaja kumchoma shetani peke yake kwa kuwa jina linamtisha, huyo ndiye wa ile methali, na hata hakukichonga yeye.

Wa Dodoma sasa, wa Tingatinga. Huyu ana shida mbili kwa pamoja, maana kwa Kiswahili tingatinga ni trekta pia. Edward Said Tingatinga ni jina la mtu. Alizaliwa mwaka 1932 wilaya ya Tunduru, mkoa wa Ruvuma, ukitoka Masasi ukiendelea magharibi, akafa mwaka 1972 Dar es Salaam kwa risasi ya polisi aliyedhani ni mhalifu anayekimbia. Alikuwa mchoraji. Alipaka rangi za mafuta, zile za kung'aa, kwenye vipande vya hadibodi: chui, ndege, miti, bila kivuli wala umbali. Jamaa zake wakajifunza kwake, wengi wakiwa watu wa hukohuko Tunduru, na jina lake likawa jina la mtindo. Kwa kifupi Tingatinga ni rangi na ubao, Makonde ni tezo na gogo. Ukiweza kukizunguka na kukitazama mgongoni, si Tingatinga.

Lakini yupo mtu mmoja anayetuvurugia mpaka huo mzuri, na ndiye nimpendaye kuliko wote. George Lilanga alizaliwa mwaka 1934 upande wa Masasi. Mmakonde, alijifunza kuchonga kama wengine. Miaka ya 1970 akaenda Dar es Salaam, akaingia Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii, ambako mjomba wake Augustino Malaba alikuwa tayari anachonga. Yeye mwenyewe alianzia kazi ya ulinzi. Humo ndani akayatoa mashetani kwenye mti mweusi akayahamishia kwenye rangi: bluu, waridi, njano, viumbe wenye masikio mapana na vidole vichache, wanapika, wanagombana, wanacheza ngoma, wanapanga foleni. Hata sanamu zake za mti alizipaka rangi. Aliendelea mpaka alipofariki mwaka 2005, na kazi zake ziko kwenye makumbusho na mikusanyo ya Ulaya na Marekani.

Watu wakiona rangi zile husema Tingatinga. Wakiona viumbe husema Makonde. Yote mawili hayatoshi. Kwa asili ni Mmakonde wa Masasi. Kwa mtindo ni Lilanga, hana shirika na mtu. Na mawazo yake yalitoka kwenye maisha ya kijiji na ya uswahilini. Ukitazama vizuri shetani wa Lilanga anayegombania ndoo bombani ni jirani yako.

Kwenye muziki tunalielewa hili bila shida. Harmonize ni kijana wa Mtwara, anajiita Konde Boy mpaka kwenye fulana, na hakuna aliyewahi kudai kwamba Bongo Fleva ni ngoma ya Kimakonde. Ngoma ya Kimakonde ni sindimba. Yeye kachukua jina la kwao akalipeleka kwenye muziki wa zama zake, kama Lilanga alivyofanya na rangi.

Niseme kuhusu mpingo wenyewe, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoibiwa.

Wapo wanaodhani mpingo ni mti mweusi kuanzia gome mpaka kiini. Kakate tawi uone. Nje kuna gome la kijivu na miiba, chini yake mti mweupe unaoelekea manjano, na katikati ndipo penye weusi, wakati mwingine wenye uzambarau. Weusi ni moyo wa mti, na moyo huchelewa: mpingo wa kuvunwa unaweza kuwa na miaka 70 na zaidi. Kitaalamu ni jamaa wa kunde na mbaazi, ile jamii ya mimea yenye maganda, wala si jamii ya miti mieusi ya India na Afrika Magharibi inayofananishwa nayo. Mti huohuo unaochongwa shetani Mtwara hupelekwa Ulaya kuwa klarineti na zumari za okestra, kwa kuwa hauvimbi ovyo kwa mate na unatoa sauti safi. Mkoa wa Lindi ni moja ya ngome zake. Wilayani Kilwa vijiji vya Kikole na Kisangi mwaka 2009 vilikuwa vya kwanza Afrika kupata cheti cha kimataifa cha FSC, cha utunzaji na uvunaji mzuri wa misitu, kwa msitu wa asili unaomilikiwa na kijiji, na mti uliobeba safari hiyo ulikuwa mpingo.

Kwa kuwa ni mti wa kungoja, wapo wasiongoja. Wanachonga mti wowote wa rangi hafifu, wanapaka kiwi nyeusi ya viatu, wanasugua, kinang'aa kama cha kweli. Mimi nimeuziwa. Nilimpelekea mkwe wangu zawadi, akaiweka kwenye kitambaa cheupe cha kufuma, wiki ya pili kitambaa kina duara jeusi. Mkwe hakusema neno, ila nilipokwenda tena sikukiona kinyago wala kitambaa. Siku hizi nakibeba kwanza nikipime uzito kwa mkono. Nakigeuza nitazame kitako, ambako mchongaji wa kweli hana haja ya kuficha na mara nyingi ameacha ukingo wa ule mti mweupe. Nakigonga na ukucha. Mpingo hulia kama kigae. Mwisho nasugua kwa kidole kilicholowa. Muuzaji akikasirika, najua.

Nimebakiza swali ambalo kila mwandishi humuuliza msanii: wazo unalipata wapi? Na kwa kuwa mwaka huu nilishaingia kwenye ugomvi wa WhatsApp, nikaona nimuulize anayechonga.

Kuna mzee Majengo, Mtwara mjini, anachonga chini ya mkorosho nyuma ya nyumba ya binti yake. Nilimkuta amekaa kwenye kigunia, gogo la mpingo amelibana kwa nyayo za miguu yote miwili kama jiliwa. Hana meza. Kushoto shoka na panga, kulia tezo mbili, patasi nne za ukubwa tofauti, tupa, na kipande cha msasa kilicholainika mpaka kimekuwa kama karatasi ya daftari. Alikuwa anatoa mti mweupe. Tezo inashuka, inang'oa kibanzi cha njano, inashuka, kibanzi, na ghafla sauti inabadilika, inakuwa kali kama chuma kwa chuma. Amefika kwenye weusi. Akasimama, akapuliza vumbi, akaligeuza gogo mara tatu bila kusema.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa hapo, usikae upande wa vibanzi."

Nikamuuliza atachonga nini. Akanionyesha mahali gogo lilipokuwa limepinda na kuwa na tundu, moyo wa mti ulipooza zamani. "Hapa mtu hawezi kukaa. Mtu ana kifua. Huyu hana kifua." Akapitisha kidole gumba kwenye tundu. "Shetani anakaa."

Sikuhitaji maelezo mengine ya ndoto. Gogo lililonyooka na nene ni ujamaa, linatosha ukoo. Gogo lililopotoka, lenye tundu na fundo, ni shetani, kwa kuwa shetani peke yake ndiye anayeruhusiwa kuwa na tundu kifuani. Mti ukiwa wa bei na wa kibali, huutupi kwa sababu umepinda. Siku hiyo nikaielewa tofauti ile hadithi ya mkono wa Likankoa.

"Lakini babu, watu wanasema mnaota."

Akacheka. "Naota. Mwezi wa kwanza naota ada ya mjukuu. Nikiamka nachonga." Halafu, kama aliyeona amenijibu kwa mkato mno, akasimulia kwamba utotoni huko kwao uwandani alikatazwa kabisa kumtazama baba mdogo akichonga lipiko. Kazi ilifanyiwa porini, mbali na wanawake na watoto, na aliyevaa hakutajwa jina. Ilikuwa lazima muamini kwamba aliyecheza si mtu wa pale kijijini. Yeye alijua. Alimtambua baba mdogo kwa kidole cha mguu kilichokatika. Hakumwambia mtu mpaka alipotoka jandoni.

Hapo nikakumbuka habari ya lipiko lililoibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984. Mwaka uliofuata lilinunuliwa na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, Uswisi, na baada ya majadiliano marefu likarudishwa Tanzania mwaka 2010. Nikamweleza mzee yote: wizi, Uswisi, hati zilizotiwa saini, kabati la kioo. Alisikiliza vizuri, tezo imelala gotini.

"Sasa analicheza nani?"

Nikamwambia hakuna anayelicheza, limetunzwa, watu wanakwenda kulitazama.

"Mchana?"

"Mchana, babu. Na watoto wa shule."

Alikaa kimya muda, kisha akalisogeza lile gogo la mpingo pembeni, kivulini, akavuta kutoka nyuma yake kipande cha mti mweupe nisichokuwa nimekiona. Twiga wawili, shingo tayari, miguu bado. Mwenye duka anawataka Ijumaa.